Mbuzipunda wa Garissa

Kila Jumatano soko la mifugo la Garissa hujaa ngamia, ng'ombe, mbuzi na vumbi, kwa hiyo mwalimu wa kompyuta hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Vijana wangu nawafundisha Python kwa bei za mifugo. Masomo nayaweka kwenye tovuti ya darasa, kwa kihariri kile chenye vitufe vya herufi nene na rangi, kilichoundwa kwa ajili ya wanaoandika tanzia na matangazo ya harusi. Kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Kipe msimbo uone.

Kwanza hula nafasi. Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka 1991, alizipa maana nafasi za mwanzo wa mstari: mstari uliosogezwa ndani uko chini ya amri ya ule uliotangulia. HTML, lugha ya kurasa za wavuti, haina habari hiyo. Kwake nafasi nne ni moja, na za mwanzo wa mstari si kitu. Kulipokucha, mistari yote ilikuwa imebanwa ukutani kama watoto wa madrasa waliochelewa.

Nikazilazimisha nafasi zibaki. Kihariri kikaweka ile nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na ya kawaida. Wanafunzi wakanakili, Python ikagoma. Msichana mmoja akazihesabu kwenye skrini kwa ncha ya kalamu: moja, mbili, tatu, nne. "Mwalimu, si hizi hapa?" Nami nikaziona. Alama za kunukuu nazo zilikuwa zimepindwa kwa urembo. Kihariri huona zilizonyooka ni ushamba.

Lakini hayo ni madogo. Niliandika sharti hili:

if mbuzi<ngamia and ngamia>punda:

Nikahamia upande wa HTML wa kihariri, nikarudi upande wa vitufe. Sasa, kivinjari kikikuta alama hiyo ya mdomo wazi imegusana na herufi, hudhani ni tegi, na tegi haionyeshwi. Humeza kila kitu mpaka mdomo ufungwe. Ngamia wawili wakaenda hivyo. Kwenye ukurasa pakabaki:

if mbuzipunda:

Kijana mmoja, mtoto wa dalali, akainua mkono. "Mwalimu, huyu mbuzipunda anauzwa upande gani wa soko?" Darasa likavunjika mbavu. Mwenzake, wa kwao wafugaji wa ngamia, hata hakutabasamu. Alitaka kujua fidia ya wale wawili atalipa nani.

Wenye tovuti niliwaandikia. Wakanijibu nijaribu rangi nyingine ya ukurasa.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na msimbo wa kuonyesha watu, uweke ndani ya tegi ya pre, alama ya mdomo wazi uiandike &lt; kwa vibambo vyake vinne, kisha uhifadhi na usikanyage tena upande wa vitufe. Ikishindikana, watumie faili lenyewe la .py. Ngamia wako watafika wote.