Vumbi, Mfadhili Wangu

Kompyuta ninayochezea magemu niliinunua mnadani hapa Dodoma kwa bei ya mbuzi mmoja asiyenona, na aliyeniteremshia bei hiyo ni vumbi.

Ofisi moja ilikuwa inaondoa vifaa chakavu. Chini ya turubai palipangwa kompyuta za mwaka 2012, zenye prosesa za i5 za kizazi cha tatu, na kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: MBOVU. Msimamizi wa mnada, mtu mkweli, alieleza maradhi ya kompyuta hizo bila kuficha. Ukiziwasha zinakwenda dakika chache, zinanguruma, kisha zinazima zenyewe. Wanunuzi wenzangu, watu wazima wenye akili zao, wakatikisa vichwa wakasogea upande wa viti na makabati. Mimi niliinama nikachungulia kwenye matundu ya nyuma, nikaona manyoya ya kijivu yamejazana hadi mlangoni, nikajua nimefika nyumbani. Dalali gani mwingine angeweza kazi ile? Mashine nzima, yenye afya, imenenewa mabaya mpaka mwenyewe akaichukia, na dalali hakudai hata senti.

Sasa nawasikia watu wakisifu kadi mpya za grafiki, taa za rangi na makasha ya vioo, na nashangaa kwamba hakuna aliyesimama kulitetea vumbi. Muulizeni fundi yeyote wa kompyuta, awe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, ni nani anayemlipia kodi ya fremu. Akiwa muungwana atawatajia vumbi kabla ya virusi.

Tuanze na nasaba, maana hasifiwi mtu ambaye hakujulikana ametoka kwa nani. Mwaka 2015 wanasayansi wa NASA, kwa vipimo vya setilaiti, walikadiria kwamba vumbi la Sahara hupeleka kwenye msitu wa Amazon tani zipatazo 22,000 za fosforasi kila mwaka, sehemu kubwa ikitoka bonde la Bodélé nchini Chad, ambako zamani palikuwa ziwa. Msitu ule wote, na kasuku wake, unarutubishwa na ukoo uleule ulioketi juu ya mazabodi yangu. Tawi jingine la ukoo liko Mirihi. Gari la utafiti la Opportunity lilitua huko Januari 2004 likiwa limepangiwa siku 90 za kazi, likadumu zaidi ya miaka 14. Juni 2018 ikavuma dhoruba ya vumbi, jua likazibwa, betri zikakosa chakula, na gari halikujibu tena. Februari 2019 wahandisi wa NASA wakaukubali msiba. Kama wahandisi wale wamesalimu amri, mimi nitalaumiwa kwa lipi, ninayepigana na ukoo huo chumbani kwa brashi ya rangi ya inchi moja?

Tawi la Dodoma ndilo ninaloishi nalo. Mvua zikikatika, upepo hapa haulali hadi zirudi mwishoni mwa mwaka, na tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, malori ya mchanga na kokoto yameliongezea vumbi nguvukazi. Ni jekundu kidogo, laini, na lina adabu ya kuingia bila kugonga. Funga madirisha, shusha mapazia, tandika kanga kuukuu chini ya mlango: asubuhi utaandika jina lako juu ya kinanda. Halina upendeleo wala halijali cheo. Linaingia kwenye seva ya wizara na kwenye kibanda cha gemu cha uswahilini siku hiyohiyo, na kote linatoa huduma ileile.

Huduma hiyo inaonekana vizuri ukifungua ubavu wa kompyuta iliyokaa miaka bila kuguswa. Kwa juu feni inazunguka, haina neno. Legeza skrubu nne za kipoozeo, iinue feni, na hapo katikati ya feni na mapezi ya alumini utalikuta limelala. Lichokonoe taratibu kwa ncha ya bisibisi. Likiwa limekomaa linabanduka zima, upande mmoja lina mistari ya mapezi, upande wa pili duara la feni. Ndani yake mna nyuzi za zulia, nywele za makarani waliokwishastaafu, bawa la kumbikumbi, na ule unga mwekundu uliovishikamanisha vyote. Ni blanketi kamili, na prosesa ya wati 77 ilikuwa inajifunika nalo mchana kutwa huku ikiambiwa ifanye hesabu. Chini ya kipoozeo, pesti iliyowahi kuwa laini inapukutika ukiigusa. Kisha unaishika feni kwa kidole isizunguke hovyo, unapuliza, unapitisha mswaki wa zamani kwenye kila upenyo, unasugua meno ya ram kwa raba ya mwanafunzi, unapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, unafunga. Joto lililokuwa linapapasa nyuzi 100 linashuka hadi sitini na kitu. Hakuna kipuri kilichonunuliwa, na mteja anakutazama kwa macho ya mtu aliyeona muujiza. Mnataka fadhila gani zaidi?

Yule wangu wa mnadani nilimfanyia hivyohivyo, halafu nikamwongezea kadi ya GTX 750 Ti. Wapenzi wa magemu wasio na bajeti wanaijua. Ilitoka Februari 2014, inakula wati 60 tu, na kwa kuwa tundu lenyewe la mazabodi linaweza kutoa hadi wati 75, haihitaji waya wa ziada wala pawa saplai kubwa. Ndiyo kadi iliyogeuza kompyuta nyingi za karani kuwa za mchezaji. Nayo ilinifikia kwa bei ya kutupa, kwa sababu vifeni vyake vilikuwa vinalia kama kinda la kuku. Sihitaji kuwaambia ni nani aliyekuwa amevishika koo.

Wasiolipenda husema vumbi ni muuaji. Huo ni uzushi wa watu wanaokumbuka mashine za kale. Mwaka 2001 Tom's Hardware walitoa video iliyotikisa mafundi wa wakati ule: kompyuta zinacheza Quake III, mara kipoozeo kinang'olewa juu ya prosesa. Athlon ikaungua papo hapo. Pentium 4 ilipunguza mwendo, ikaendelea kuchechemea bila kufa. Tangu hapo prosesa zote zimejifunza uungwana huo, na vumbi nalo limepata namna ya kuongea na mwenye mashine bila kumfilisi. Haliui. Linapunguza tu. CJ wa San Andreas, gemu ambalo lilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2005 lilitosheka na Pentium III ya 1 GHz na ram ya MB 256, ghafla anaendesha baiskeli kana kwamba amebeba magunia mawili ya mkaa. Polisi wanaomfukuza nao wamechoka vilevile. Watu wanaita hilo hitilafu. Mimi naona haki imetendeka pande zote mbili.

Na fikirieni wanaofungwa mabao kwenye PES. Kijana amepigwa matano bila, mbele ya wadogo zake, pedi mkononi, jasho linamtoka. Anageuka anasema, "Mashine ilikwama." Na kweli ilikwama, kidogo. Nani amempa udhuru huo unaoheshimika? Mwenye kibanda akisafisha kompyuta zake, nusu ya wateja wake watagundua kwamba hawajui mpira, na sidhani kama watarudi.

Nimeliona pia likisimama shahidi wa mtuhumiwa. Alikuja kwangu mwalimu mmoja mstaafu, kompyuta imefungwa kwenye shuka, mjukuu nyuma yake anatazama kandambili zake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii imekwisha. Huyu bwana mdogo ameijaza magemu, yameipa virusi, sasa inazimika nikiandika barua."

Nikaitoa uani, nikafungua ubavu, nikapuliza. Lilitoka wingu lililomfanya jirani aanue nguo. Mwalimu alisimama pembeni amefunika pua kwa leso, akilitazama lile blanketi nililoliweka juu ya tofali. Baadaye, mashine ikiwa inakwenda saa nzima bila kuzima, alimgeukia kijana.

"Haya, mjukuu wangu, umeshinda kesi."

Kijana akainua uso.

"Lakini magemu yatoke."

Kuna mahakama ambazo hata vumbi haliwezi kuzishauri.

Kizazi changu kililifahamu mapema, enzi za mashine za kuunganisha kwenye televisheni, zile zilizoiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, na kaseti zake za njano zilizoahidi mamia ya magemu na kukupa yaleyale manne yaliyobadilishwa majina. Gemu likikataa kuwaka, kaseti inachomolewa, inapulizwa kwenye meno, inafutwa kwa pindo la shati, inarudishwa kwa kishindo. Kila mtaa ulikuwa na mtoto mmoja mwenye pumzi inayokubalika. Nintendo wenyewe walionya kwamba unyevu wa mdomo unaozesha pini, na wana haki: kilichokuwa kinasaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya, chuma kikapata nafasi nyingine ya kugusana na chuma. Lakini jaribuni kumwambia hivyo yule mtoto mwenye pumzi, ambaye aliruhusiwa kucheza wa kwanza kwa ajili ya kipaji chake. Ikaja PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, na ndugu zetu wakawa wanaicheza imelala kifudifudi, tumbo juu. Kilichokuwa kimechakaa ni reli ya plastiki inayobeba lenzi, ikazidishiwa na joto la pawa saplai iliyokuwa karibu yake. Vumbi lilisingiziwa, na halikukana.

Maadui zake nawaonea huruma. Kuna wanaoweka vichujio mbele ya kila feni, wakapanga feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili ndani ya kasha pawe na msukumo wa kuelekea nje na vumbi lisipenyeze kwenye nyufa. Fizikia yao ni safi kabisa. Kwa hiyo vumbi linajaa kwenye kichujio, hewa inapungua, joto linapanda, na bwana yule anafungua kasha kila mwezi badala ya kila mwaka. Wenye makasha ya vioo na taa za zambarau ndio waliolitafutia jukwaa. Mahali pengine vumbi linakaa gizani, kwao linamulikwa. Wa mwisho ni wale wanaoipeleka kompyuta kwa fundi pancha ipulizwe na kompresa ya matairi. Upepo ule una nguvu, sikatai, ila tangi lake linakusanya maji ya ukungu, na nimeona mazabodi iliyorudi safi, inang'aa, imekufa.

Kuna nyumba moja tu ambamo halijakaribishwa: ndani ya hadi diski. Humo kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe ambayo jicho halioni ni jabali katikati ya barabara kuu. Ndiyo maana diski zinaundwa kwenye vyumba vilivyosafishwa hewa, na katundu kao ka kupumulia kamewekewa kichujio. Sisi wenye picha za harusi humo ndani tumekubali ubaguzi huo. Kinachonisumbua ni hizi mashine mpya zisizo na feni kabisa, mfano MacBook Air tangu zile za mwishoni mwa mwaka 2020, na simu zilizofungwa kwa gundi pande zote. Vumbi halina pa kuingilia, na fundi naye hana. Zikianza kuzeeka hutajua zinaumwa wapi. Unaambiwa tu ununue nyingine.

Kwa sasa jambo zito zaidi liko hapahapa mtaani. Wamekuja wapimaji wakapiga vigingi vyekundu, na mwenyekiti wa mtaa ametangaza kwamba barabara yetu itawekwa lami. Akina mama wamepiga vigelegele, wenye maduka wameanza kupaka kuta rangi nyeupe. Mimi niliinua mkono nikauliza kama ng'ombe wataendelea kupitishwa pembeni jioni, watu wakacheka wakidhani natania. Lakini nimewauliza wenyeji wa mitaa iliyotangulia kupata lami, nao wamenituliza. Kwanza inakuja greda kuchimbua, kisha malori ya kifusi, kisha mkandarasi anapotea kwa muda, kisha malori tena. Nimekwisha kuagiza Kariakoo mirija ya pesti, na brashi mpya.