Sifa Njema za Mlima Kitonga

Wanaoulaumu Mlima Kitonga ni wengi, na karibu wote wana haraka. Leo niacheni niusifu. Katika barabara yote ya Dar es Salaam hadi Tunduma hakuna mwalimu, shehe, mchungaji wala askari anayechapa kazi kama mlima huu wa Iringa, tena bila mshahara wala posho ya safari.

Tuanze na ucha Mungu. Basi la Mbeya linapotoka stendi alfajiri, mhubiri huingia kuombea safari, na nusu ya abiria hujifanya wamelala. Mikumi inapita, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni inapita, video ya vichekesho inaendelea. Kisha basi linaanza kujikunja: ukuta wa mawe upande huu, korongo upande ule, na ukichungulia chini unaona mabati yaliyowahi kuitwa lori. Ghafla hakuna anayecheka. Aliyemnyima mhubiri sadaka sasa midomo inamcheza, na mama wa siti ya nyuma anamkumbatia mtoto ambaye hakuwa analia.

Halafu usawa, jambo ambalo wanasiasa wametuahidi tangu uhuru. Lori la makontena linalokwenda Lubumbashi likipanda kwa gia ya kwanza, msafara mzima unapanda kwa gia ya kwanza: basi la daraja la juu, fuso la nyanya, shangingi la mheshimiwa. Utingo hushuka akatembea kando ya gurudumu la nyuma, gogo la kuzuia tairi begani, na si ajabu akafika juu kabla ya bosi wake. Lori likikwama, huwekewa mawe nyuma ya tairi na matawi mabichi barabarani kuwaonya wanaokuja. Likipona, linaondoka, na mawe yanaachwa palepale kwenye lami yawe zawadi kwa wa nyuma. Ukarimu ulioje!

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kitonga wanakutana kweli, tena uso kwa uso, kwenye kona, mmoja akiwa upande usio wake.

Mlima huu pia ni chuo cha fizikia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake vifike tani 56. Zikishaelekea bondeni, uzito huo lazima ushikwe na kitu. Usiposhikwa na injini, unashikwa na breki, na breki zinaugeuza moto. Ngoma zinatanuka, lainingi zinaungua, harufu inaingia hadi ndani ya kebini, na dereva anakanyaga gari lisisikie. Ndiyo maana madereva wakongwe hawana mjadala: gia unayopandia ndiyo unayoteremkia. Vijana wana elimu mpya. Wao huweka nyutro ili kubana mafuta, na dizeli inayobaki tangini haikosi mnunuzi njiani. Hapo Kitonga hutoa mtihani usio na marudio.

Na uchumi je? Foleni ikifunga mlimani, biashara hufunguka. Maji, karanga na mahindi ya kuchoma hupanda bei kwa kasi ambayo hakuna gari lililowahi kupanda nayo pale. Mtaalamu wa masoko hawezi kukupatia wateja kama hao: wana njaa, wana pesa, na hawana pa kwenda.

Tena mlima una historia ya kujivunia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibanwa kooni, maana njia yake ya kupitishia mafuta na shaba ilikuwa ya kusini, kupitia huko huko Rhodesia. Malori yakageuzia Dar es Salaam: mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi, vumbi kiangazi na tope masika. Magari yaliangamia kwa wingi hata barabara ikapewa jina la Jehanamu. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA, kisha reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Reli, kwa adabu zake, iliukwepa mlima ikapitia Mlimba na Makambako. Ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, haijawahi kuzifikia. Mzigo ukarudi wenyewe Kitonga, kwa mapenzi yake.

Wako wanaotuonea wivu. Bolivia walikuwa na Barabara ya Mauti, kutoka La Paz kwenda Coroico, iliyochongwa miaka ya 1930 kwa nguvu za wafungwa wa vita kutoka Paraguay. Mwaka 1995 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikaitaja kuwa ya hatari kuliko zote duniani. Wabolivia, watu wasiojua kutunza urithi, wakajenga barabara nyingine na kuhamishia magari huko mwaka 2006. Leo ile ya zamani ni ya watalii wanaolipa dola ili wateremke kwa baiskeli na kupiga mayowe. Sisi mayowe yamo ndani ya nauli.

Lakini sifa kuu ya Kitonga nimeiweka mwisho: unabeba lawama bila kujitetea. Lori likitumbukia, tunasema mlima umeua. Hatusemi tairi lilikuwa kipara, wala kwamba dereva alikesha kwenye usukani tangu Tunduma kwa sababu tajiri alipiga simu mara nne kuuliza amefika wapi. Hatumuulizi aliyelipitisha gari lile kwenye ukaguzi. Mlima umeua, basi. Tajiri analipwa bima, mkaguzi anakunywa chai, na sisi tunapeana pole. Ni mtumishi gani mwingine wa umma anayekubali kufukiwa makosa ya wote kifuani?

Wahandisi wameanza kuupanua. Heri, lakini kona ikipanuliwa, breki mbovu haiponi. Mlima ule haujawahi kumfuata mtu barabarani. Sisi ndio tunaoufuata na magari yetu ambayo hali yake tunaijua. Kwa hiyo, abiria mwenzangu, dereva akiachia nyutro au akitaka kulipita lori kwenye kona, usimwachie Mungu na mlima peke yao. Paza sauti, na namba za polisi zilizobandikwa ndani ya basi zipige kabla ya kona, si baada yake.