Nane Nane Ni Salama

Kuanzia 2018 hadi 2020, maonesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi. Tarehe ya Nane Nane ina bahati: 8/8 husomeka vilevile hata kwenye kompyuta inayojidhani bado iko Marekani, ambako mwezi hutangulia siku.

Uhuru hauna bahati hiyo. Karani akichota data za mfumo mkuu na kuzimimina kwenye Excel yenye mipangilio ya Kimarekani aliyoikuta, 9/12 huwa Septemba 12, kimyakimya. Muungano, 26/4, hukwama: mwezi wa 26 haupo, basi hubaki maandishi matupu.

Kubadili eneo kwenye mipangilio liwe Tanzania ni kazi ya dakika chache. Lakini nani athubutu kugusa mashine ya ofisi?

Printa nayo, kwa mipangilio hiyohiyo ya Kimarekani, inadai karatasi ya Letter, na rimu zilizonunuliwa ni A4.