Karibu PCB: Mwongozo kwa Asiyejua Aendako

Hongera kwa kuchaguliwa tahasusi ya PCB. Ndugu wameshaanza kukuita daktari, na shangazi ameshakuonesha goti linalomsumbua. Kabla hujamwandikia dawa, soma haya kuhusu hiyo C ya katikati, yaani Kemia.

A yako ya kidato cha nne. Usiitangaze bwenini, wenzako nao wanazo. Kule uliambiwa elektroni huzunguka kiini kwa mpangilio: mbili, nane, nane. Huku utaambiwa hazizunguki hivyo, bali ziko kwenye obitali, na cha kusema ni uwezekano tu wa kuzikuta mahali fulani. Mwalimu wa zamani hakukudanganya, alikuhurumia.

Gesi. PV = nRT ni fomula fupi, ndiyo maana inaua wengi. Ingiza joto kwa Selsiasi badala ya Kelvini, yaani andika 0 pale ilipotakiwa 273, na gesi yako yote itakuwa na ujazo sifuri. Kikokotoo hakitakuonya. Kitakupa jibu kwa adabu zote.

Benzini. Umbo la pete lilipendekezwa na Mjerumani August Kekulé mwaka 1865. Baadaye alisimulia kwamba lilimjia usingizini, alipoota nyoka anayejiuma mkia. Usiige mbinu hiyo wakati wa prepo. Wewe utaota wali wa Jumapili.

Maabara. Hapa ndipo waliokariri huumbuka.

Usivute pipeti kwa mdomo. Sodiamu haidroksaidi huanza kugeuza mafuta ya ulimi wako kuwa sabuni, na zoezi hilo halina maksi.

Besi iko kwenye chupa, matone ya MO (methyl orange) yameipa rangi ya njano, asidi inashuka kutoka kwenye bureti. Unangoja rangi ya machungwa. Njano, njano, njano. Unageuka kumwomba jirani rula, ukirudi ni nyekundu. Hairudi hata kwa dua. Mwaga, osha, anza upya.

Kwenye jaribio la mwali, ukiona njano kali usishangilie kwamba umeipata sodiamu. Hata jasho la kidole chako lina sodiamu, na njano yake huifunika kabisa zambarau hafifu ya potasiamu. Safisha waya kwanza, kisha tazama kupitia kioo cha bluu.

Kupika matokeo. Jioni utashawishiwa kunakili ya jirani, ambaye naye amenakili ya jirani yake. Fahamu kwamba vipimo vya kweli hupishana kidogo: 22.10, 22.20, 22.00. Mwalimu akikuta darasa zima limepata 22.10 mara tatu mfululizo, hatauliza nani amepatia. Atauliza ni nani kati yenu aliyegusa bureti.