Sifa za Uchafu wa Machinjioni

Wapo washairi waliosifu asumini, waliosifu jahazi, na waliosifu pilau. Uchafu wa machinjioni haujapata hata ubeti mmoja, ingawa hujitangaza wenyewe kabla hujafika mlangoni.

Njoo Kerenge, Korogwe, siku anapoangushwa ng'ombe. Nyama ina wateja, utumbo unagombewa, miguu inakwenda kuwa makongoro. Inabaki damu, mifupa, pembe, na yale majani yaliyokutwa tumboni, ambayo si malisho tena wala hayajawa kinyesi. Hao ndio mabwana ninaowasifu. Hawaibiwi, hawalindwi. Mbwa na nzi wamewatambua zamani. Binadamu msomi bado anaziba pua.

Damu Mwislamu haili, basi inamwagwa. Lakini ikikaushwa ina naitrojeni takriban asilimia 12, wakati kinyesi cha ng'ombe kilichokauka hakifiki hata 3. Mabingobingo hayana dini: yakiipata, yanasimama kama gwaride mbele ya mgeni rasmi.

Mfupa ni mpole zaidi, hutoa fosforasi polepole. Ng'ombe anaijua thamani yake bila kuambiwa na bwana mifugo: malisho yakipungukiwa madini hayo hutafuna mifupa porini, na wengine hufa kwa sumu ya mizoga. Si afadhali tuusage, tuyape majani, naye ale majani?

Uingereza ilichukua njia ya mkato, ikamlisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa. Miaka ya 1980 ikavuna kichaa cha ng'ombe. Leo Umoja wa Ulaya unataka mbolea ya unga kama huo ikitiwa malishoni, mifugo isikanyage hapo kwa siku 21. Heshima iliyoje! Fungate yenyewe ni siku 7.

Kama wakubwa wote, mbolea hii ya machinjioni ina masharti. Damu ichanganywe na majani makavu na samadi, lundo lipate joto la nyuzi 55 au zaidi, ligeuzwe mpaka liive. Ng'ombe wa kimeta simsifu kabisa. Vimelea vyake hukaa ardhini miongo mingi. Huyo aitiwe daktari wa mifugo.

Anayesema uchafu huu ni najisi aende Minjingu, Manyara, akaone fosfeti iliyotokana na vinyesi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale ikiuzwa kwa mifuko.

Basi mwenye machinjio, usiumwage uchafu huu mtoni. Nawe mwenye ng'ombe wa maziwa, unayehangaikia majani kila kiangazi kuanzia Korogwe hadi Handeni, njoo na toroli. Pua itazoea.