Klabu ya Marekani kwa Anwani

Kundi la kulipwa la wakimbiaji wa mbio ndefu nchini Marekani huundwa na kampuni ya viatu: kampuni hulipa kocha, tabibu wa misuli, kambi na tiketi za ndege, mwanariadha huleta miguu. Uraia ni suala la fomu tu. Mradi wa Oregon wa Nike ulianzishwa mwaka 2001 chini ya kocha Alberto Salazar ili Wamarekani warudi kushinda. Walitafutiwa nyumba ya kupunguza oksijeni, walale Portland kana kwamba wako mlimani. Dhahabu ya mita 10,000 ya Olimpiki ya London 2012 ikaja kweli, ila shingoni mwa Mo Farah, Mwingereza mzaliwa wa Somalia. Mmarekani Galen Rupp alipata fedha, na dhahabu akaiona kwa karibu sana. Mwaka 2019 Sifan Hassan wa mradi huohuo, Mholanzi mzaliwa wa Ethiopia, alishinda mita 1,500 na 10,000 katika mashindano ya dunia huko Doha. Katikati ya mashindano hayohayo Salazar akafungiwa miaka minne kwa makosa ya dawa, na mradi ukafa.

Klabu ya kampuni ya viatu ya On, iliyoko Boulder, Colorado, ina fedha za Uswisi, na Geordie Beamish wa New Zealand amekimbia chini ya jina la klabu hiyo. Hellen Obiri wa Kenya alihamia Boulder mwaka 2022; mwaka uliofuata alishinda marathoni za Boston na New York. Boulder iko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Iten ya Kenya iko mita 2,400, na wageni wanaopanda kwenda huko kutafuta hewa nyembamba hupishana angani na Wakenya wanaoifuata Colorado.