Kamati ya Kununua Probox

Yadi yetu ya Mukumu iko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, imejaa Probox, Vitz na Fielder, lakini bosi aliponituma Nairobi kwenye kongamano la wauza magari nilipanda basi la usiku. Bosi husema kila kilomita inayoongezeka kwenye dashibodi inakula faida, na shingo ya mfanyakazi haina dashibodi. Nikafika alfajiri kichwa kimegeukia kushoto na kimekataa kurudi.

Ukumbini nililetewa kiti upande wa kushoto wa jukwaa, kwa hivyo mtoa mada nilimsikia tu. Niliyemwona siku nzima ni jirani yangu wa kushoto, mzee mmoja wa Mombasa anayeuza magari tangu mimi sijazaliwa, ambaye alidhani namtazama kwa heshima. Akaamua kunifundisha.

Jukwaani kijana mwenye maikrofoni ya shavuni alikuwa akituambia kwamba mteja wa siku hizi anakuja peke yake, ameshafanya utafiti kwa simu, ameshaamua. Mjibu ujumbe ndani ya dakika tano. Mpe kahawa. Usimtajie bei kabla hajalipenda gari.

"Huyu hajawahi kulipa ushuru," mzee akaninong'oneza.

Maana utafiti wa simu ndio unaotutia matatani. Mteja anaona Probox inauzwa Japani kwa dola kadhaa, anazigeuza shilingi, anakuja na jibu lake, na pesa zote zilizobaki anahesabu kwamba ni tamaa yetu. Mzee wa Mombasa alinipangia hesabu nyuma ya kadi yake ya jina. Kwanza gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, la sivyo halishuki bandarini. Halafu KRA, mamlaka ya mapato, haina haja ya kujua wewe ulinunua kwa ngapi. Ina orodha yake ya bei ya gari likiwa jipya, inakata uchakavu, na hapo ndipo inapoanzia. Ushuru wa forodha, uliokuwa asilimia 25, ukapanda hadi 35 Julai 2023. Ukishajumlisha, unapigwa ushuru wa bidhaa juu ya jumla hiyo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. "Ushuru unalipiwa ushuru," alisema, akachukua sambusa yangu, kwa kuwa mimi sikuweza kuinama kuitazama.

Niliporudi, bosi alichagua somo la kahawa. Tukanunua chupa kubwa ya chai, kwa sababu kahawa huku ni ya kuuza kwa chama cha ushirika. Ndani ya wiki moja walimu wastaafu wote wa kutoka Khayega walikuwa wateja wetu wa saa nne asubuhi. Wanayajua magari yote kwa rangi na kwa chasisi. Hakuna aliyenunua hata kifuniko cha usukani.

Halafu akaja mwalimu kijana, mkopo wake wa Sacco umekubaliwa, anataka Probox. Huyu ndiye mteja wa kongamano, nikajiambia. Nyuma yake akashuka mjomba. Akashuka senje, yaani shangazi, na kikapu chenye jogoo. Akashuka fundi, ambaye hakusalimia mtu. Mwisho katekista, maana Mukumu ni misheni tangu mwaka 1906 na gari haliingii barabarani hivi hivi.

Fundi alichomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kwa vidole viwili, akainusa, akasema, "Mmh." Mwalimu akajikuna shingo. Mimi nilishaijua ile "mmh": haihusu oili, inahusu chakula cha mchana cha fundi. Senje naye alikuwa amekaa nyuma na jogoo wake, anapima kama vitaenea yeye, jogoo na gunia la mahindi. Mjomba alipiga honi mara tatu, akaridhika, akawasha injini.

Sauti ya mwanamke ikazungumza Kijapani, kwa upole sana.

Katekista akarudi nyuma hatua mbili. "Kuna nani humo ndani?"

Hili nilikuwa nimefundishwa na mzee wa Mombasa, wala si jukwaani. "Hakuna mtu, Baba Katekista. Ni kifaa cha kulipia barabara za kule Japani. Kinasema kadi haijawekwa."

Mjomba alizima injini. "Kijana, kwa hivyo gari hili linadaiwa."

"Halidaiwi, mzee. Kadi tu haipo."

"Barabara ametumia, kadi hana. Kwetu huyo anaitwa mdaiwa." Akamgeukia mwalimu. "Na deni humfuata mwenye logibuku."

Kamati ikakaa chini ya mparachichi. Nilieleza kwamba waya mmoja ukikatwa yule mama ananyamaza, jambo lililozidi kuharibu mambo, maana senje aliuliza kwa nini tunataka kumnyamazisha shahidi. Aliyeniokoa ni fundi. Alisema deni la Japani haliwezi kuvuka bahari, akakata waya, akaomba shilingi mia tano.

Mjomba akawasha redio, anatafuta stesheni ya Kiluhya. Redio ile ya Japani iliishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Alizungusha kitufe mpaka mwisho, akasikia mvumo mtupu. Kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa ya stesheni, nikamwambia, kinafungwa kwenye waya wa antena, tutakuwekea bure.

"Kwanza lilikuwa na deni," akasema, "sasa halijui hata Kiluhya."

Walikunywa chai yote ya walimu. Katekista aligusa boneti, akasema ataliombea likishalipiwa. Mwalimu alikuwa tayari kutia sahihi, kalamu iko mkononi, mjomba alipoishika kalamu ile akaitia mfukoni mwake. Watarudi Jumamosi, fahali wa Khayega wakishamaliza kupigana, kwa sababu kuna mjomba mwingine anayejua Probox kuliko yeye na siku hiyo atakuwa hapo hapo uwanjani.

Bosi alitoka ofisini akaniuliza kama nilimjibu mteja ndani ya dakika tano.